Maswali ya Wasomaji: Reli ilifika Kisumu. Je, ilifika Kenya?

Swali: Walimu, hamjambo. Niko mwaka wa pili, nasoma historia. Katika kozi ya falsafa ya historia tulipewa insha ya maneno 2,000: "Kueleza kwa nini reli ilifika Kisumu ni kueleza nini?" Nilianza Mombasa mwaka 1896 nikafika ziwani bila kuruka kitu. Nimepata 11 kwa 30, na pembeni kalamu nyekundu imeandika: "Umesimulia tu." Kwani historia si kusimulia?
*Mwanafunzi, Kisumu*

Jibu: Kwenye kozi ya historia ya Kenya ungepita vizuri. Hapa ulijibu swali la jirani. Mwanahistoria anatafuta kilichotokea. Falsafa ya historia inamgeukia yeye mwenyewe: sentensi hii umeipataje, na hilo "kwa sababu" lako lina kazi gani?

Chukua sentensi ambayo bila shaka imo katika insha yako: "Mwaka 1901 reli ilifika magharibi mwa Kenya." Ni kweli, ilikuwa tarehe 20 Desemba. Lakini aliyesimama ufuoni siku ile asingeweza kuitamka. Kisumu ilikuwa bado upande wa Uganda, ikahamishwa mwaka 1902, na koloni likaitwa Kenya mwaka 1920. Mwanafalsafa Arthur Danto, katika kitabu chake cha 1965, aliziita hizi sentensi za masimulizi: zinaeleza tukio kwa kutumia jambo lililokuja baadaye. Hata shahidi mwenye kuona yote na kuandika yote papo hapo, hii ingempita. Basi ile nia ya "kuandika mambo yalivyokuwa, basi" ina shida tayari, na insha yako ilifaa kuanzia kwenye shida hiyo.

Kisha uje kwenye "kwa nini". Soma makala ya mwanafalsafa Carl Hempel ya 1942, kurasa 14 tu. Mfano wake ni rejeta ya gari iliyopasuka usiku: kulikuwa na maji ndani, baridi ikashuka chini ya sifuri, na kuna kanuni kwamba maji yakiganda hutanuka. Anasema maelezo ya historia yanadai vitu vilevile, yaani hali zilizokuwepo pamoja na kanuni ya jumla. Jaribu kwa reli. Kanuni ni ipi? "Kila dola inayotaka kushika chanzo cha Nile hujenga reli"? Ni uongo. Ukiongeza masharti mpaka iwe kweli, inabaki kueleza reli moja peke yake, na hiyo si kanuni tena. William Dray alishika udhaifu huo mwaka 1957: kwake, tunaeleza tendo tukionyesha kwamba machoni pa mtendaji lilikuwa la maana. Nyuma yake yuko Collingwood, aliyesema mwanahistoria hurudia kichwani fikra ya mtendaji; kitabu chake kilitoka 1946, miaka 3 baada ya kufa kwake. Soma sehemu ya 5, uache zilizobaki kwa sasa.

Usimwamini Collingwood mzimamzima pia. Ugonjwa wa malale ulioua watu wengi kando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20 haukuwazwa na mtu yeyote. Utarudia fikra ya nani kichwani? Hilo ndilo pingamizi lako, lipe maneno 500 hivi. Kisa chenyewe kisizidi 300. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kupanga wanafalsafa 6 foleni, kila mmoja na aya yake. Wawili wanatosha, ilimradi wagombane juu ya sentensi moja.

Swali: Mwanafalsafa Hegel alisema Afrika haina historia. Nimjibu kwa masimulizi ya wazee wetu? Wenzangu wanasema huo si ushahidi.
*Njoro, Nakuru*

Jibu: Kumtukana hakuleti alama. Alitoa mihadhara hiyo Berlin kuanzia 1822, ikachapishwa 1837 akiwa amekwisha kufa, na Afrika hakuikanyaga. Kipimo chake kilikuwa dola na watu kuujua uhuru wao. Shambulia kipimo: kwa nini dola iwe ndiyo mlango wa historia? Ukimwonyesha falme za Afrika tu, umeshakubali mlango wake.

Masimulizi ni ushahidi, ila yanachujwa. Mwanahistoria Bethwell Ogot aliyatumia kwa Waluo wa kusini na mwenzake Gideon Were kwa Waluhya, vitabu vyote viwili vya mwaka 1967. Mzee akikuhesabia vizazi 12, kwa miaka 25 kila kizazi unapata 300. Kwa 30 unapata 360. Tayari umepishana miaka 60 kabla ya kosa lolote. Halafu kuna majina yanayosahaulika katikati ya orodha, maana waasisi na mababu wa karibu ndio hukumbukwa. Kuna na ndugu waliopokezana uongozi wakahesabiwa baba na mwana, orodha ikarefuka. Linganisha koo mbili zilizooleana, hasa zile zisizopatana: zikikubaliana, una kitu. Na uliza kama msimulizi amesoma kitabu. Wengine hukurudishia yaliyochapishwa, nawe ukadhani umepata shahidi wa pili.

Swali: Binti yangu anataka historia na falsafa. Atakula wapi?
*Mzazi, Kakamega*

Jibu: Kama ni ualimu wa sekondari, anahitaji masomo mawili ya kufundishia, na falsafa haimo katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Achukue historia pamoja na Kiswahili au dini, falsafa ya historia aipate kama kozi ndani ya shahada. Kabla ya kujaza fomu ya KUCCPS ya kuomba nafasi chuoni, aulize idara kama kozi hiyo inafundishwa kila mwaka. Zisizo za lazima huahirishwa wanafunzi wakiwa wachache.