Vijana wa Bagamoyo wanaiweza 42nd Street, ile tamthilia ya nyimbo na dansi?

Wanaiweza, ndugu yangu, tena hadithi wataielewa upesi: nyota Dorothy Brock anavunjika kifundo cha mguu, na Peggy Sawyer, binti wa safu ya nyuma, anasukumwa kushika nafasi yake. Kuimba si tatizo. Kazi iko miguuni. Dansi ile ya viatu vyenye vipande vya chuma kwenye soli inataka sakafu ya mbao. Kwenye saruji mlio unafifia na magoti yanaumia. Ningeulizia jukwaa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo, kwanza. Anzeni pekupeku, msondo ushike mapigo (hapo ndipo Bagamoyo haina mpinzani), viatu baadaye. Na kibali kiombwe mapema; mchezo huu wa 1980 wa Broadway, kule kwenye majumba ya maigizo ya New York, bado una wenye haki zake.