Kabla hujaandika "amekataa kula," mwangalie kinywani

Wewe unayeanza kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani hapa Tabora, anza na kosa langu. Bibi mmoja aliyepata kiharusi alikuwa anashika kikombe cha uji mwenyewe na kujikongoja kwa fimbo hadi mlangoni kuota jua. Ghafla akawa anasukuma kikombe. Nikaandika kwenye daftari "hana hamu ya kula," nikaendelea na kazi nyingine. Siku ya nne hakuweza kusimama.

Binti yake ndiye aliyemfungua mdomo. Kwenye shavu la upande uliopooza kulikuwa na donge la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa (navyo hakupaswa kupewa), limeshaoza, na chini yake fizi ina kidonda. Upande ule mgonjwa hahisi na ulimi haufiki. Nami kila asubuhi nilikuwa nampiga mswaki, ila yale meno ya mbele tu.

Siku hizi kila baada ya mlo namulika tochi ya simu kwenye shavu hilo, navaa glovu, natoa mabaki kwa kitambaa laini kilicholowa. Kidole usikipitishe katikati ya meno. Atakung'ata bila kukusudia. Asiyeweza kukaa mlaze ubavu, dawa ya meno iwe kidogo kama punje ya mbaazi. Maji ya kinywa kichafu yakimpalia hadi mapafuni yanaweza kuleta nimonia.

Meno ya bandia yatoe usiku, yasugue juu ya beseni lenye maji, maana yakidondoka kwenye simenti yanapasuka. Mtu akikonda yanalegea na kuchubua fizi. Hapo ni daktari wa meno, si wewe.

Utaona ndugu wanampaka asali mgonjwa mwenye midomo mikavu. Usibishane nao, asali kwetu ni heshima. Omba tu wampe maji kidogo kidogo kama anameza vizuri, midomo waipake vaselini.

Na mkono ukiwa na nguvu kidogo, mwachie mswaki. Mimi navingirisha mpini kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili unenepe, ushikike. Atachelewa, atamwagia kanga yako. Vumilia.

Kidonda cha bibi yule kilipotibiwa, uji alirudia ndani ya wiki moja. Kufika mlangoni tena kulimchukua zaidi ya mwezi.