Celica ya zamani inayumba? Anza na bushi kabla ya kununua baa

Wengi wanaoniuliza kuhusu Toyota Celica za kizazi cha sita, zile za 1993 hadi 1999, huanza na swali moja: baa ya kuunganisha vichwa vya shokapu ili bodi isipinde inapatikana wapi? Yangu ninayo na siitoi. Lakini nakusihi, hela hiyo iweke kando kwanza, gari liende gereji likaangaliwe bushi, zile raba za kwenye maungio ya mikono ya magurudumu.

Umri, joto na vumbi la Dodoma vinamaliza raba. Bushi ikipasuka haishikilii tena mkono wa chini, kile chuma kinachounganisha gurudumu na gari, na gurudumu linahama kidogo kila ukikanyaga breki. Ukivuka tuta unasikia mgongano, ukikata kona gari linachelewa kufuata usukani. Unadhani bodi imelegea, kumbe bodi ni nzima. Fundi aingie chini na mtaimbo, ausukume mkono. Ukicheza bila kubisha, bushi hiyo imekwisha. Boljointi (ungio la mkono na gurudumu), tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) na raba za juu ya shokapu aziangalie hapo hapo.

Wakati wa kufunga, msimamie fundi mwenyewe. Boliti za bushi zisikazwe gari likiwa juu ya jeki, mikono inaning'inia. Raba inashikwa katika mkao huo, na gari likishuka inajisokota na kubaki hivyo muda wote. Bushi mpya kabisa inachanika mapema kwa sababu hiyo. Ashikize tu, gari likalie matairi yake, ndipo akaze kwa nguvu. Mafundi wazuri wanalijua hili, ila foleni ya gereji huwafanya waliruke.

Kisha tazama kutu. Baadhi ya magari haya yametumika sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Chokonoa kwa bisibisi sehemu za kuwekea jeki; ikizama, chomelea kwanza. Halafu jaribu hivi: inua kona moja ya mbele, fungua mlango wa upande huo, ufunge taratibu. Ukikwaruza au kugoma, na gari likiwa chini ulikuwa unafunga vizuri, bodi inapinda.

Sasa baa. Celica nyingi za kizazi hiki zinatumia mfumo wa MacPherson, ambapo shokapu ndiyo inayoshikilia gurudumu kwa juu, kwa hiyo nguvu ya kona inapanda moja kwa moja kwenye bodi. Nunua baa ya kipande kimoja. Yenye maungio ya boliti kwenye ncha inacheza pale pale kwenye maungio. Ya nyuma pia ina faida, maana ule mlango mkubwa wa buti umeacha tundu kubwa kwenye bodi. Mimi tofauti naisikia zaidi nikielekea Iringa, kwenye kona za Nyang'oro baada ya Mtera: usukani unaitika papo hapo.

Springi usizikate. Gari gumu kupita kiasi kwenye lami yenye mabonde linarusha tairi, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Shokapu mpya za kiwango cha kiwandani zinatosha.

Matairi, soma tarakimu nne ubavuni: 3219 maana yake wiki ya 32, mwaka 2019. Yaliyokauka hayaokolewi na baa yoyote.

Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mkao wa magurudumu, iwe ya mwisho kabisa. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, ulinganishe kushoto na kulia kabla hujalipa.