Raba za soli nyembamba: vigimbi vimekaza, nifanyeje?

SWALI: Mambo vipi, mi nakimbia mwaka wa tatu sasa, magoti yalikuwa yananisumbua, mshkaji akaniambia achana na raba za sponji nene chukua zile za soli nyembamba, unajisikia kama uko peku. Nikanunua, siku ya kwanza tu nikapiga kilomita 8, asubuhi yake ngazi nashuka kinyumenyume. Nimedanganywa au?

JIBU: Hujadanganywa ndugu, pupa tu. Raba nyingi za kawaida kisigino kimeinuliwa kama milimita 10 kuliko mbele, hizo zako ni sifuri au karibu na sifuri, kwa hiyo kigimbi na ile kano ya kisigino vinavutika zaidi kila ukikanyaga, halafu bila sponji watu wengi wanaanza kutua kwa mbele ya wayo, basi mzigo uliokuwa unabebwa na goti unashuka huko chini. Goti linapumua, kigimbi kinalia.

Pumzika mpaka ngazi ushuke kama watu. Kisha zivae kutembelea tu wiki mbili tatu, ndo uanze kukimbia nazo dakika 5, zilizobaki malizia na raba za zamani, unaongeza kidogokidogo, ni suala la miezi hilo. Hatua ziwe fupi na za harakaharaka. Na usilazimishe kutua kwa vidole kama unamnyatia kuku, kisigino kiache kiguse chini.

Ila wayo una mifupa 26 na mfupa unachelewa kuzoea kuliko msuli. Ukibonyeza juu ya wayo ukakuta sehemu moja tu inauma kwelikweli, acha kukimbia kabisa, muone daktari, huenda mfupa umepata ufa.

Kingine, toa ule utandiko wa ndani uukanyage. Kidole kidogo kikimwagikia nje, hiyo raba inakubana, hata iwe nyembamba kama karatasi.

SWALI: Mbona Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki peku?

JIBU: Kweli, Roma 1960, saa 2:15:16. Ila wanaopenda kumtaja huwa wanaishia hapo. Tokyo 1964 alishinda tena, safari hii kavaa viatu, akatumia 2:12:11.