"Big" si "kubwa" kila mahali

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka neno moja la Kiingereza: "big". Ni herufi tatu tu na mtoto wa chekechea analijua, lakini watu wazima bado linawapiga chenga. Nimechagua machache.

Mwanangu yuko kidato cha kwanza. Aliandika "my big father lives in Tanga" akakatwa alama. Mimi sioni kosa. Baba mkubwa ni baba mkubwa. – Mzazi, Korogwe

Alama zimekatwa kwa haki, mzazi mwenzangu, ingawa kosa lenyewe lina akili. Sisi tunatumia "kubwa" kuwapanga watu kwa umri: baba mkubwa, mama mkubwa, mke mkubwa, mtoto mkubwa. Waingereza nao wanafanya hivyo, ila wameishia kwa kaka na dada: "big brother", "big sister". Hapo "big" haina habari na kimo. Kaka yako anaweza kukufikia begani na bado akawa "big brother" wako. Ukitoka hapo mlango umefungwa. Mwingereza akisoma "my big father" anamwona baba mzazi wa mtoto, mtu wa miraba minne, tumbo limetangulia. Hata mke mkubwa wa mzee si "big wife"; ni "senior wife".

Ugumu wa pili ni kwamba hawana neno la baba mkubwa. "Uncle" ni baba mkubwa, ni baba mdogo, ni mjomba, ni mume wa shangazi, wote kapu moja. Kwetu mjomba na baba mdogo hawakai mkeka mmoja siku ya posa. Mtoto aandike "my father's elder brother" pale ambapo ukubwa wa umri una maana katika habari anayoisimulia. Kama hauna, "my uncle" inatosha.

Kwa nini nisiseme "big rain" wakati mvua yenyewe ni kubwa? – Mwanafunzi, Bukoba

Nilipokuwa kidato cha pili niliandika "the rain was very big". Mwalimu hakusahihisha kwa neno hata moja. Alinichorea mwavuli pembeni ya daftari. Sijarudia tena.

Kiingereza huipima mvua kwa uzito, "heavy rain", na foleni ya magari vilevile, "heavy traffic". Sauti kubwa ni "loud". Bei kubwa ni "high", na homa kali ni "high" pia, lakini upepo mkali ni "strong". Usitafute kanuni, utachoka bure. Jozi hizi unazishika moja moja kwa kusoma na kusikiliza. Na usidhani ni Kiingereza peke yake chenye vituko: mgeni anayejifunza Kiswahili hubaki mdomo wazi akiambiwa kwamba jua ni kali, kisu ni kikali, pilipili ni kali, mbwa ni mkali na mwalimu wa hesabu ni mkali.

Ni sahihi kusema "more bigger"? – Dereva, Arusha

Hapana. "Bigger" imekwisha kubeba "zaidi" ndani yake. Na uandike g mbili.

Nilimweleza mwenzangu wa kazini kwamba nimepandishwa cheo. Akanijibu kwa ujumbe: "Big deal!" Nikamshukuru. Je, nilikosea? – Karani, Mombasa

Pole. "Big deal!" ikisimama peke yake, bila "a" mbele yake, kwa kawaida ni kubetua midomo. Ni kama kukwambia "Kwa hiyo?" au "Ndiyo nini sasa?" Iongezee kidogo tu na maana inageuka: "it's a big deal" ni jambo zito kweli, na "no big deal" ni "hamna neno". Kuna na nduguye, "that's big of you", ambayo kwa sura inasifu ukarimu wako, lakini mara nyingi inakusuta kwamba umetoa kidogo na unataka upigiwe vigelegele.

Ila usimnunie bado. Kama mwenzako naye Kiingereza amekipatia hukuhuku kwetu, huenda alikusudia kusema "jambo kubwa hilo!" Mwangalie usoni kesho asubuhi.

Lebo ya fulana inasema L au XL. Kwa nini si B? – Muuza mitumba, Manzese

Kwa sababu L ni "large", na "large" ndilo neno la vipimo na idadi: "a large number of people", "a large sum of money". Lilitoka kwa Wafaransa, na hadi leo linavaa suti. "Big" ni la barazani, na ndilo linalokwenda na makosa na mishangao: "a big mistake", "a big surprise". Ukisema "a large mistake" wataelewa, lakini watageuza shingo.

Natembeza watalii. Wananiuliza kwa nini chui yumo kwenye "Big Five" na twiga hayumo. – Mwongoza watalii, Karatu

Kwa sababu walioanza kutumia jina hilo walikuwa wawindaji, na hawakuwa wakipima urefu. Waliwahesabu wanyama waliokuwa wagumu na wa hatari zaidi kuwawinda kwa miguu: tembo, kifaru, nyati, simba na chui. Chui dume kwa kawaida hafiki kilo 100, twiga dume hupita kilo 1,000, lakini chui aliyejeruhiwa akijificha kwenye kichaka anaweza kukumaliza. Kiboko naye kwa unene angestahili, na hayumo. Tunapotafsiri "watano wakubwa" tunajichongea wenyewe swali hili. Ningependa "watano wakali", lakini najua nimechelewa.

Nafasiri makala ya sayansi. "Big Bang", ile nadharia ya jinsi ulimwengu ulivyoanza, niite Mlipuko Mkubwa au Mlipuko Mkuu? – Mfasiri, Nairobi

Hapa Kiswahili kina kitu ambacho "big" haina. Kikubwa unakipima; kikuu unakipa daraja. Dar es Salaam ni mji mkubwa, Dodoma ndiyo mji mkuu. Barabara kuu inaweza kuwa nyembamba, na Ijumaa Kuu ina saa 24 kama Ijumaa nyingine yoyote. "Big" inabeba yote mawili bila kukwambia lipi. Nikisoma Mlipuko Mkubwa nawaza mtungi wa gesi umepasuka mahali.

Jina lenyewe alilitamka mwanaastronomia Mwingereza Fred Hoyle katika redio ya BBC mwaka 1949, na hakuikubali nadharia hiyo hata kidogo. Yeye alishikilia kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Wengi waliisikia kama kejeli. Hoyle baadaye alisema alitaka tu wasikilizaji wapate picha kichwani. Kwa hiyo ukitaka kubaki na ule mzaha, Mlipuko Mkubwa una utetezi wake. Mimi ningeandika Mlipuko Mkuu, na "Big Bang" ningeitaja mara moja tu, aya ya kwanza.