Maswali ya Wasomaji: Sabuni ya Maji, Jiki na Petroli ya Gereji

Swali: Natengeneza sabuni ya maji nyumbani Kigogo. Natumia kilo 1 ya salfoniki (asidi ya kutengenezea sabuni), robo kilo ya soda ashi, nusu kilo ya slesi (ya kuongeza povu), chumvi, rangi, manukato na formalini, napata lita 20. Wateja wanasema inawakausha mikono, na majirani wanalalamika kwamba nikisuuza mapipa mfereji unajaa povu. Nirekebishe wapi? – *Mama mjasiriamali*

Jibu: Mama, anza na mizani. Kilo 1 ya salfoniki ya asilimia 96 inahitaji takriban gramu 165 tu za soda ashi safi ili asidi yote iishe. Wewe unaweka 250. Zile 85 za ziada hazina asidi ya kukutana nayo, kwa hiyo zinabaki kwenye sabuni, zinapandisha pH (kipimo cha ukali ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi) kuvuka 10 na kuondoa mafuta ya ngozi. Umezinunua, zimeumiza wateja, kisha zimekwenda mferejini hadi Mto Msimbazi. Katika kanuni 12 za kemia ya kijani walizoandika Paul Anastas na John Warner mwaka 1998, ya kwanza ni kuzuia taka zisitokee kabisa, na kwako taka hiyo inaanzia kwenye kipimo.

Yeyusha soda ashi kwenye lita 5 za maji, kisha mimina salfoniki kidogo kidogo huku ukikoroga, ukiwa umevaa glavu na miwani. Hapo inatoka zaidi ya lita 30 za gesi ya kabonidayoksaidi, ndiyo maana ndoo ndogo hufurika. Tumia pipa kubwa. Mapovu yakitulia, pima kwa karatasi ya pH. Ukikuta 7, inatosha kwa hatua hii. Ikiwa chini ya 6, ongeza soda ashi iliyoyeyushwa, kijiko kimoja kimoja.

Chumvi nayo iyeyushe kwanza, uiongeze kwa kikombe huku ukiangalia uzito wa sabuni. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, hivyo ni rahisi kupitiliza. Ikizidi, sabuni inarudi kuwa nyepesi kama maji. Wengi hapo hudhani salfoniki ni kidogo wakaongeza nyingine, na hasara inakuwa mara mbili.

Formalini, ile dawa ya kuzuia sabuni isioze, iache leo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na anayeivuta zaidi ni wewe unayekoroga. Badala yake weka sodiamu benzoeti gramu 5 kwa kila lita, ikisha yeyuka shusha pH hadi 5 kwa sitriki, yaani asidi ya ndimu ya unga. Usigeuze mpangilio: benzoeti ikiangukia kwenye asidi huganda chembe nyeupe. Na usiiache sabuni kwenye pH 8, kwani huko benzoeti haifanyi kazi na sabuni itanuka. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa.

Kuhusu povu, hakikisha lebo ya salfoniki imeandikwa LABSA, yaani ile ambayo molekuli yake ina mnyororo wa kaboni ulionyooka. Miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ilijaa povu kwa sababu sabuni za wakati ule zilikuwa na mnyororo wenye matawi ambao bakteria walishindwa kuuvunja. Hata LABSA huvunjwa vizuri pale tu penye oksijeni, na mfereji ulioziba takataka hauna. Suuza pipa kwa lita 2 tu, maji hayo udekie sakafu siku hiyo hiyo.

Swali: Choo kina madoa ya njano. Nilichanganya jiki na asidi ya choo, nikakohoa hadi machozi. Nimekosea nini? – *Msomaji, Sinza*

Jibu: Ulitengeneza gesi ya klorini, dada. Siki na ndimu pia huitoa kwenye jiki. Ikitokea tena, toka nje mara moja, na kifua kikibana nenda hospitali. Madoa hayo ni ya chokaa, na jiki huyapausha tu bila kuyaondoa. Mwaga lita 1 ya maji moto yenye vijiko 4 vya chakula vya sitriki, acha saa nzima, sugua, suuza. Jiki iwe siku nyingine, peke yake: mililita 30 za jiki ya asilimia 3.5 kwa lita 1 ya maji. Changanya ya siku hiyo tu, kwani joto na jua la hapa huimaliza nguvu.

Swali: Tunaosha vipuri kwa petroli. Kuna njia nyingine? – *Fundi, Tandika*

Jibu: Ipo. Vipuri vya chuma viloweke kwenye maji moto yenye gramu 50 za soda ashi kwa lita, usugue kwa brashi. Vya alumini usivitie humo, vitaliwa; tumia sabuni ya maji ya kawaida. Kausha haraka na upake mafuta, la sivyo kutu inaanza jioni ile ile. Maji hayo yaache yatulie usiku kucha, engua mafuta yaliyoelea, uyatunze na oili chafu kwenye dumu lenye kifuniko. Oili hiyo usiichanganye na tina ya rangi wala brekifluidi, kwa kuwa ikichanganyika haisafishiki tena, na mpe mkusanyaji mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi.