Maombi, Methadoni na Nauli ya Kila Asubuhi

Wazazi ambao watoto wao wamenaswa na heroini huniuliza mara kwa mara ni maombi gani yaliyonitoa kwenye unga na kwenye vibaraza vya maduka ya Dar es Salaam nilikokuwa nikilala. Nalipokea swali hilo kwa heshima, kwa kuwa naamini kwa moyo wote kwamba Mungu ndiye aliyeniponya. Hata hivyo, siwezi kulijibu bila kuwataja watu wa jumuiya moja ya Kikristo waliotambua kwamba mtu aliyeitikia amina saa mbili usiku bado anahitaji mahali pa kulala ifikapo saa tatu.

Jambo la kwanza ninaloomba familia zilielewe ni arosto. Mwili uliozoea heroini ukiikosa kwa saa kadhaa huanza kuugua: macho na pua hutoa maji, miayo haikomi, mifupa inauma, tumbo linaharisha na usingizi unatoweka. Wengi hudhani kwamba teja anatafuta raha, ilhali baada ya muda anachotafuta zaidi ni kuikwepa arosto. Kumwombea mtu aliye katika hali hiyo ni kazi njema kabisa. Kumkemea mbele ya watu kwamba ana pepo mkaidi humwongezea aibu tu, na mwenye aibu hurudi maskani, kijiwe cha watumiaji wenzake, mahali ambapo hakuna anayemshangaa.

Tiba ipo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye huduma ikafika katika mikoa mingine. Dawa hiyo hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu wa kituo, na kwa kuwa hukaa mwilini kwa muda mrefu, huizuia arosto bila kumlewesha mtu aliyepangiwa kipimo sahihi. Dozi yenyewe hailipiwi, lakini daladala inalipiwa, tena kila siku, na hapo ndipo wasio na makazi hukwama. Jumuiya yangu ilichanga nauli. Fedha hiyo sikukabidhiwa mimi, bali ilishikwa na mama mmoja wa jumuiya aliyenisindikiza asubuhi hadi kituoni, akangoja ninywe, kisha tukarudi pamoja. Sikuona kwamba nimedharauliwa. Nilijua kwamba fedha mkononi mwangu wakati ule ilikuwa ni kete, yaani kipakiti cha unga.

Wapo Wakristo wanaosema kwamba kunywa methadoni ni kuhama kutoka ulevi mmoja kwenda mwingine na ni dalili ya upungufu wa imani. Mimi huwaomba waisome upya habari ya Lazaro katika Injili ya Yohana, sura ya 11. Bwana ndiye aliyemwita atoke kaburini, wala hakuna mwingine aliyeweza, lakini Lazaro alitoka akiwa bado amefungwa sanda, na kazi ya kumfungua ikaachwa mikononi mwa watu waliosimama pale. Muuguzi wa kituo cha methadoni, mzee wa kanisa aliyenipa chumba cha uani na mama aliyeshika nauli yangu, hao wote nawahesabu miongoni mwa waliofungua.

Kuhusu chumba hicho, mzee aliweka masharti wazi: kurudi kabla ya giza, kutomleta mtu wa maskani, na kuwahi kupanga viti kabla ya ibada. Kazi hiyo ndogo ilinipa sababu ya kuamka, na nadhani ilinisaidia kuliko mawaidha mengi. Familia yangu haikunipokea mara moja, na ninaamini ilikuwa sahihi. Tulianza kwa kuonana kanisani, kisha kwa chakula cha mchana, na imani yao kwangu ikarudi taratibu.

Makanisa yetu yana haraka ya kusikia ushuhuda, na jambo hili linaniumiza. Mtu akimaliza wiki chache bila unga, anasimamishwa madhabahuni na kutangazwa kuwa amefunguliwa, huku waumini wakishangilia. Kesho yake akiteleza, atamwambia nani? Atajificha ili asimwaibishe mchungaji, na kujificha huko kunaweza kumuua, kwa sababu mwili uliokaa bila heroini hauhimili tena kipimo cha zamani, na mtu akivuta au kujidunga kiasi alichokizoea, pumzi inaweza kukatika. Hatari hiyo ni kubwa hasa kwa wanaotoka gerezani au katika nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba. Mwacheni ashuhudie atakapokuwa tayari, na ajue mapema kwamba akianguka Jumanne, anaweza kubisha hodi Jumanne hiyohiyo. Kwa mlevi wa pombe wa miaka mingi nitasema kwa kifupi: asiachishwe ghafla nyumbani, bali apelekwe hospitali kwanza, kwani anaweza kupata degedege la kuhatarisha maisha.

Ikiwa katika jumuiya yenu kuna familia inayouguza mtu wa namna hii, katika kikao kijacho, baada ya sala, andikeni majina: nani atamsindikiza kituoni siku gani, nani atashika nauli, nani atampa mahali pa kulala mwezi huu, na nani atapokea simu yake usiku wa manane.